Unataka kuunda mifumo ya kompyuta? Cheti kitakufikisha mlangoni tu

Matokeo ya KCSE yakishatoka, nyumba nyingi Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Section 58, huwa na kikao. Mzazi anapiga hesabu ya karo, kijana anasema anataka kusomea "kompyuta". Kompyuta gani? Kuzirekebisha, kuziuza ama kuunda mifumo? Usipojua tofauti mapema, ng'ombe atauzwa na bado utarudi kukaa nyumbani.

Leo tuongee kuhusu msanidi mifumo, yule anayejenga programu ambazo hospitali, sacco na maduka hutumia kuweka rekodi na kulipana.

Tuanze na masomo. Ukiwa na C+ kwenda juu, unaweza kusomea digrii ya sayansi ya kompyuta. Huku kwetu kuna Egerton kule Njoro, na pia Kabarak. Hisabati usiichezee, maana vyuo huiangalia sana. Ulipata C-? Usijifungie chumbani. Kuna diploma, na Rift Valley National Polytechnic iko papa hapa Nakuru. Ukiimaliza vizuri, njia ya digrii bado iko wazi.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Tuseme umepewa kuundia ushirika wa maziwa wa Molo mfumo. Kila asubuhi mkulima analeta maziwa, karani anaingiza kilo kwa simu, mwisho wa mwezi malipo yanaenda M-Pesa. Siku moja mtandao unapotea karani akibonyeza "tuma", naye anabonyeza tena. Mfumo wako utahesabu kilo 10 ama 20? Na mtu akibadilisha rekodi usiku, itajulikana ni nani? Ukikosea hapo, kuna mama atakosa karo ya mtoto.

Ndiyo maana unahitaji haya: lugha moja uielewe kabisa, iwe Python, Java ama JavaScript; SQL ya kupanga na kutafuta data; Git ya kutunza kila badiliko; na tabia ya kujaribu kazi yako kabla ya kumkabidhi mtu. Kwa malipo, Safaricom ina Daraja, ambapo unaweza kufanyia M-Pesa majaribio bila kutumia pesa halisi. Pia isome Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Majina na namba za wakulima si mali yako.

Ujuzi mwingine ni kusikiliza. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba nchi, kundi lililokuwa na Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman liliunda Ushahidi kwa siku chache tu. Mfumo huo ulipokea ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Walianza na kile watu walitaka kujua: nini kinatendeka, na wapi? Miaka miwili baadaye ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Karo bado haijapatikana? Anza na CS50 ya chuo cha Harvard, iko bure mtandaoni. Kisha tafuta shida moja mtaani, labda daftari la chama cha mathe, uiundie kitu kinachofanya kazi. Mwajiri akikuuliza umewahi kujenga nini, utafungua simu umwonyeshe.