Kisu Kwanza, Kingamwili Baadaye

Tangu mwaka 1890, Behring na Kitasato walipoonyesha mjini Berlin ya kuwa maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda yaweza kumkinga mnyama mwingine, wanadamu wametamani kinga ya kuazima kwa kila ugonjwa. Tamaa hiyo si mbaya. Pepopunda hata leo hutibiwa pamoja na kingamwili. Lakini yafaa ipimwe.

Twasema juu ya ugonjwa ule ulao nyama chini ya ngozi. Kijidudu cha streptokoki huingia penye mchubuko mdogo. Ngozi yaonekana nzima, au nyekundu kidogo tu, naye mgonjwa analia kwa maumivu yasiyolingana na jeraha lake. Dalili hiyo ndiyo ya kuogopwa. Ndani, kijidudu hutoa sumu yenye hila: huamsha chembe nyeupe za damu makundi kwa makundi, hata zisizohusika naye, mfano wa mzushi apigaye ukelele wa mwizi sokoni hata umati ukavunja vibanda vya watu. Mishipa huvuja, msukumo wa damu hushuka, figo hushindwa.

Ndipo waganga walipofikiri kumtia mgonjwa kingamwili zilizokusanywa katika damu ya watu elfu na zaidi, kwani huenda zimo zijuazo sumu hiyo. Wadenmark hawakutosheka na kufikiri. Mjini Copenhagen, kati ya 2014 na 2016, waliwagawa wagonjwa 100 kwa kura: nusu walipewa gramu 25 za dawa hiyo kila siku kwa siku tatu, nusu maji ya chumvi. Baada ya miezi sita, nguvu za mwili za makundi hayo mawili hazikutofautiana. Kweli, wenye streptokoki walikuwa wachache, na kwao shauri halijafungwa. Hata hivyo twawasifu waliotangaza jibu lisilopendeza.

Kisichobishaniwa ni kisu. Nyama iliyokufa haipitiwi na damu, na dawa zote hizo husafiri kwa damu. Kwa hiyo mpasuaji huikata upesi, na kesho yake hufungua tena atazame. Penisilini hufuatana na klindamaisini, ambayo humzuia kijidudu asitengeneze sumu.

Basi msimamizi amwambiaye mwenye maumivu hayo angoje zamu iishe, ampotezea saa zisizonunulika. Na mfanyakazi mwenyewe asijikaze kiume kwa vidonge vya dukani. Apelekwe siku ile ile penye mpasuaji.