Mtiririko au Msambao? Nuru na Kiowevu cha Ubongo

Ubongo huzungukwa na kiowevu angavu kiitwacho kiowevu cha ubongo na uti wa mgongo. Je, kiowevu hicho hupenya ndani ya ubongo na kuondoa taka zake? Makala haya yanaeleza jinsi nuru inavyotumiwa kulichunguza swali hili katika panya wa maabara, na kwa nini uteuzi wa istilahi una uzito katika kulijibu.

Kwa kuwa kiowevu hakina rangi, mtafiti hudunga kemikali ing'aayo inapomulikwa katika uwazi uliojaa kiowevu karibu na kisogo. Kisha hulikwangua fuvu hadi likawa jembamba, au hufungua kidirisha na kukifunika kwa kioo. Hadubini ya fotoni mbili humulika mahali hapo kwa leza, na mng'ao wa kemikali huonyesha inakopita.

Mwaka 2012, Jeffrey Iliff, Maiken Nedergaard na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kemikali hiyo iliingia ubongoni kwa kufuata kandokando ya ateri. Mwaka 2013, kundi la Nedergaard liliripoti kuwa nafasi iliyo baina ya seli hupanuka kwa asilimia 60 panya anapolala au anapopigwa nusukaputi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba usingizi husaidia kuusafisha ubongo.

Hata hivyo, hadubini hiyo kwa kawaida huona tabaka la juu tu la ubongo. Aidha, kemikali kufika mahali fulani si ithibati kwamba imebebwa na maji. Sukari iliyoachwa katika kikombe cha chai bila kukorogwa hatimaye huenea kikombe kizima.

Mwaka 2024, watafiti wa Imperial College London, akiwamo Nicholas Franks, walidunga kemikali ndani ya ubongo wenyewe na kupima mng'ao wake kwa nyuzi za kupitishia nuru. Waliripoti kwamba uondoaji ulipungua kwa takriban asilimia 30 usingizini na asilimia 50 chini ya nusukaputi. Matokeo hayo yanakinzana na yale ya 2013, na mjadala ungali unaendelea.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. "Mtiririko" ni maji yanayosukumwa kuelekea upande fulani, ilhali "msambao" ni chembechembe kutapakaa zenyewe. Nalo neno "kusafisha" limekwisha kubeba hitimisho. Mwandishi wa Kiswahili anayetangaza kwamba usingizi huusafisha ubongo huwa ameikata kesi ambayo mahakimu wenyewe bado wanaisikiliza. Ni heri aeleze kwanza kilichoonwa: kemikali iliingia wapi, ikaenea kwa kasi gani, na ikapungua lini.