Springi Mpya kwa Land Rover Kuukuu

Bwana Mkulima, ikiwa unayo Land Rover ya zamani, yaani moja ya zile ziitwazo Series, unajua jinsi inavyomrusha mtu kwenye njia ya mashimo, hata maziwa yakifika kiwandani yamekuwa karibu siagi. Na pengine fundi wa mjini amekuambia, "Lete gari, mzee, nitakutilia ekseli na springi za mbele za Range Rover, nawe utakwenda kama umelala kitandani." Kabla hujampa fedha, yafaa ufahamu kazi yenyewe ilivyo.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia Jeep iliyobaki baada ya vita. Ndiyo iliyompa wazo. Basi gari lile lilikusudiwa kazi za shamba, wala si raha ya abiria, nalo likatiwa springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi za kuzunguka, ambazo mafundi huziita koili, zilikuja na Range Rover mwaka 1970, na Land Rover One Ten ikazipata mwaka 1983.

Sasa fanya jaribio dogo. Chukua fito tatu bapa za urefu mbalimbali, zifunge pamoja katikati, uegemeze ncha zake juu ya mawe mawili, kisha ukandamize. Utaona zinapinda na kurudi, na utasikia zikisuguana. Hivyo ndivyo springi bapa ilivyo. Inabeba uzito, msuguano wake unapunguza mruko, na kwa kuwa ncha zake zimefungwa kwenye chesi, inaishika ekseli isiende mbele wala nyuma wala kando. Kazi tatu kwa chombo kimoja. Koili inajua kazi moja tu, kubeba. Ukiisukuma kwa ubavu, inalala. Kwa sababu hiyo ekseli ya mbele ya Range Rover imeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma hadi kwenye chesi, pamoja na fimbo moja inayokatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kwa hiyo fundi anayekuahidi koili hana budi kuchomelea vishikio vya mikono hiyo, vya fimbo hiyo, na vikombe vya springi, kwenye chesi ambayo haikuumbwa kwa ajili yake. Mabati ya mwili wa Land Rover ni aluminiamu, lakini chesi ni chuma kilicho wazi ndani kama sanduku, nayo huoza kuanzia ndani. Igonge kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali penye sauti ya debe bovu si pa kuchomelea kitu. Kumbuka kuwa ukikanyaga breki, nguvu yote ya gurudumu la mbele hupita katika vishikio hivyo. Kimoja kikiachia kwenye mteremko, ekseli hurudi nyuma upande mmoja na usukani hautii tena, nawe nyuma umepakia watu na magunia.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni difu. Difu ya Series nyingi ni ya 4.7, na ya Range Rover ni 3.54. Ukitia ekseli ya mbele peke yake, basi kila magurudumu ya nyuma yanapozunguka mara 3, ya mbele yanataka kuzunguka karibu mara 4. Siku utakapoingiza gia ya magurudumu yote manne pakavu, kitu kitavunjika. Afadhali difu yako ya zamani ihamishiwe katika ekseli mpya. Huingia katika zile za Range Rover za mwanzo zenye shafti za meno 10. Ekseli hiyo ni pana pia, inchi 58½ kati ya magurudumu badala ya 51½, hata tairi hutokeza nje ya madigadi na kurusha tope dirishani. Breki zake za diski nazo zinataka msaada wa kukanyagia, la sivyo utasimama pedali mguu mpaka ukutike. Waulize pia NTSA na watu wa bima kabla chesi haijaguswa.

Mimi ningejaribu kwanza njia rahisi. Ziko springi za parabola, zenye vyuma vichache, vinene katikati na vyembamba nchani, visivyosuguana ila mwishoni. Hufungwa katika matundu yaleyale ya zamani, bila kuchomelea hata kidogo, na gari hulainika sana. Lakini kwa kuwa msuguano umepungua, lazima utie shokomzoba nzuri, ama gari litaruka-ruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

Wakati wa kuzifunga, usikaze bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Lishushe chini lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Vinginevyo mpira wa bushi hubaki umesokotwa na kuchanika upesi. Zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, kwani springi mpya hujikalia.