Kusafisha chujio la hewa la sponji: kitenzi kimoja hakitoshi

Chujio la hewa ni kifaa kinachonasa vumbi kabla hewa haijaingia katika injini. Katika karakana za Chake Chake, Wete na Mkoani, kama katika karakana nyingi za Tanzania, mafundi hukiita ea klina au filta. Machujio ya magari mengi ya sasa ni ya karatasi, nayo hubadilishwa yanapochakaa. Yako pia ya sponji, yanayopatikana katika baadhi ya magari na zaidi katika pikipiki na jenereta ndogo. Haya huoshwa na kutumika tena kwa muda mrefu, mradi yaoshwe inavyostahiki.

Mfasiri anayekutana na maelekezo ya kazi hii hushawishika kutumia kitenzi safisha mwanzo hadi mwisho. Kitenzi hicho hakina kosa la kisarufi, lakini hutaja lengo bila kutaja njia. Msomaji aliyeambiwa “safisha chujio” anaweza kulipigapiga ukutani, kulifua kama kanzu au kulitosa katika petroli, na mara zote tatu akawa ametii alichosoma. Hasara huonekana baadaye. Vumbi jembamba la barabara za udongo za vijijini Pemba likipenya sponji iliyochanika au iliyokosa mafuta, husaga kuta za silinda na pete za pistoni. Injini hupungua nguvu na kuanza kuunguza mafuta yake. Kwa mwenye gari moja la abiria, huo ni mtaji unaoteketea.

Chuja na chunga
Kuchuja ni kutenga kimiminika na kisichotakiwa: tui huchujwa kwa kifumbu au kung'uto, machicha yakabaki. Kuchunga, au kuchekecha, ni kwa vitu vikavu kama unga. Kiswahili kimeiweka hewa upande wa kuchuja, kwa kuwa nayo, kama tui, hutiririka na kuziacha taka nyuma. Chujio limo katika ngeli ya LI-YA, kichujio katika KI-VI, na sponji katika I-ZI. Maelekezo mengi huharibika hapa: sentensi ya kwanza husema “litoe”, ya tatu “isuuze”, na msomaji akabaki akijiuliza kinachosuuzwa ni kipi. Chagua nomino moja. Ukihamia nyingine, itaje waziwazi.

Kung'uta
Ni kutikisa au kupigapiga kitu ili kilichokishika kidondoke. Mkeka hukung'utwa, na nguo yenye mchanga hukung'utwa. Kitenzi hiki kinalifaa chujio la karatasi, likigongwa taratibu, kwa sababu karatasi haioshwi kwa maji wala haitiwi mafuta. Kwa sponji, kung'uta huondoa mchanga wa juu tu. Vumbi lililobaki ndani limeshikwa na mafuta.

Kuosha, kukosha na kufua
Kuosha hutumika kwa mwili, vyombo na gari. Kufua ni kwa nguo, na ndani yake mna kusugua na kufikicha. Sponji ni laini, na mara nyingi vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi. Kwa hiyo huoshwa, haifuliwi. Huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kubonyezwabonyezwa mpaka uchafu utoke. Petroli haifai, kwani huweza kulegeza gundi na kuharibu sponji, na mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Pemba na Unguja wengi husema kukosha. Anayewaandikia wasomaji wa Tanzania Bara atumie kuosha, maana katika mazungumzo ya mitaani huko kumkosha mtu ni kumfurahisha.

Kusuuza
Ni kuondoa sabuni kwa maji safi. Maelekezo yataje pia mwelekeo: maji yapite kutoka upande wa ndani kwenda wa nje, ili vumbi lirudi lilikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi.

Kukamua na kuminya
Kukamua hutaja kutoa kimiminika, si namna ya kukitoa. Ndimu hukamuliwa, ng'ombe hukamuliwa, na nguo hukamuliwa kwa kusokotwa. Anayesoma “kamua sponji” mara nyingi hukumbuka nguo, akaisokota na kuichana. Kuminya ni kubana, basi. Hakuna kusokota ndani yake. Hicho ndicho kitenzi salama, na hata hivyo katazo liandikwe: “usiisokote”.

Kuanika na kukausha
Kukausha ni kuondoa unyevu kwa njia yoyote. Kuanika ni kutandaza au kutundika kitu kikauke, na fikra ya kwanza ya msikilizaji ni jua. Kisiwani Pemba, ambako karafuu huanikwa juani juu ya majamvi, fikra hiyo ina nguvu zaidi. Jua kali la mara kwa mara huichakaza sponji na kuifanya imeguke. Kwa hiyo kuanika peke yake hakutoshi. Andika “anika kivulini penye upepo”. Sponji ikauke kabisa, kwani yenye maji haipokei mafuta sawasawa.

Kupaka, kutia na kueneza mafuta
Vitundu vya sponji ni vikubwa kuliko vya karatasi. Mafuta ndiyo yanayolinasa vumbi linalopita humo. Kupaka huishia juu ya uso, kama mafuta ya mwilini. Kulowesha nako huzidisha, na mafuta yakizidi huzuia hewa, na katika baadhi ya magari huchafua kihisi cha hewa. Kinachotakiwa ni kutia mafuta kidogo, kisha kuyaeneza kwa kuminyaminya mpaka rangi ya sponji iwe sawa kote pasipo tone kuchuruzika. Yatumike mafuta maalumu ya machujio ya sponji, ambayo hunata. Mafuta mepesi huteremka na kuacha sehemu ya juu ikiwa kavu.

Maelekezo kamili yanaweza kuandikwa hivi:

“Zima injini na uiache ipoe. Fungua kasha la chujio, utoe sponji, na uzibe njia ya hewa kwa kitambaa safi. Kung'uta mchanga wa juu. Osha sponji kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukiibonyezabonyeza. Isuuze kutoka ndani kwenda nje mpaka maji yatoke meupe. Iminye, usiisokote. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Itazame mbele ya mwanga. Ikiwa imechanika au inameguka, weka mpya. Tia mafuta na uyaeneze, kisha minya yaliyozidi. Pangusa kasha kwa ndani, ondoa kitambaa, na urudishe sponji ikae sawasawa bila kuacha mwanya ukingoni.”

Katika aya hiyo nzima neno safisha halimo kama kitenzi, na fundi aliyeisoma hana haja ya kukisia. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi aya hiyo hiyo, awaombe waweke safisha mahali pa kila kitenzi cha kazi, kisha wahesabu ni mambo mangapi ambayo msomaji hatayajua tena.