Sura ya 6: Bakuli Linalofuka

Kinachofuka juu ya bakuli la juisi usiku wa Halloween si moshi; hakuna kilichoungua. Wala si kaboni dioksaidi, kama wanavyodai wajuaji, maana gesi hiyo haionekani kwa macho. Ni ukungu wa maji. Barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyogandishwa, ina baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na gesi inayobubujika kutoka kwake hupoza mvuke wa maji hadi uwe vitone vidogo sana, sawa na vinavyotoka friza ikifunguliwa siku ya joto. Wanaohubiri kila Oktoba kwamba ukungu huo huita mizimu wangeanza na friza zao.

Cha kuogopa ni gesi yenyewe. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za kaboni dioksaidi, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, kimo cha watoto. Februari 2020, jijini Moscow, makumi ya kilo za barafu hiyo yalimwagwa kwenye bwawa la ndani ili sherehe ipendeze. Watu 3 walikufa.

Basi madirisha yafunguliwe, barafu ishikwe kwa koleo, na isifungiwe kamwe kwenye chupa, kwani chupa itapasuka. Juisi yenyewe isitiwe barafu kavu. Kuna utetezi usiokufa kwamba barafu hiyo huzama, hivyo upawa hauifikii. Huzama kweli, lakini huzidi kupungua, upawa ukikoroga punje hupanda, na punje ikimezwa huunguza koo na tumbo kwa baridi. Dawa yake ni mabakuli mawili: dogo la juisi ndani ya kubwa, na katikati maji ya uvuguvugu yenye barafu kavu. Ukungu hufurika hadi mezani, juisi haiguswi.

“Damu” haihitaji rangi ya dukani. Choya iliyochemshwa na mdalasini, ikapozwa na kuchanganywa na juisi ya nanasi, hutoa wekundu mzito, na ndimu huukoleza. Mkono wa maiti unaoelea ni juisi iliyogandishwa ndani ya glovu isiyo na poda, iliyooshwa vizuri. Glovu ikatwe kwa mkasi. Ukiivuta, vidole vinabaki humo.

Hapa yangefuata mapambo ya meza, lakini toniki haikubali kurukwa. Soda hiyo ikiwekwa gizani chini ya taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, hung'aa buluu kama kitu cha kuzimu. Si mionzi ya nyuklia. Ni kwinini, kutoka gome la mti wa sinkona, uliolimwa miaka mingi huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliuripoti mng'ao huo mwaka 1845; kwinini humeza mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa buluu.

Na hapana, toniki haitibu malaria. Marekani huruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 kwa lita. Mtu mzima anayetibiwa kwa kwinini huhitaji takriban miligramu 600 mara 3 kwa siku. Hizo ni lita zaidi ya 21 za soda kila siku, kwa siku 7. Mgonjwa aende zahanati.

Mwenye shaka na kemia hii aweke glasi mbili za toniki chini ya taa, kisha atie chumvi katika moja na kukoroga. Hiyo hufifia, mwenzake huendelea kuwaka, kwa sababu kloridi ya chumvi hupokonya kwinini nishati kabla haijatoka kama mwanga. Kwa hiyo ukingo wa glasi za sherehe upakwe sukari badala ya chumvi. Toniki nyingi zina sukari tayari, na zinang'aa vilevile.