Piko Haipimi Tatuu

"Daktari, si nianze na piko kwanza nione kama ngozi yangu inakubali?" Kila kijana anayetaka tatuu yake ya kwanza ananiuliza hivyo, na anayeuliza huwa ameshajijibu, anachotafuta kwangu ni baraka. Sina. Piko haikuambii lolote kuhusu tatuu, na inaweza kukuachia maradhi ambayo tatuu yenyewe isingekuletea.

Piko hutia rangi tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, ndiyo maana baada ya wiki mbili hivi inapauka. Wino wa tatuu husukumwa na sindano hadi ngozi ya ndani, ukamezwa na seli za kinga na kubaki humo miaka na miaka. Mahali pengine, kemikali nyingine. Uliyepaka piko harusi zote za ukoo bila kuwashwa hujui bado ngozi yako itaupokeaje wino mwekundu.

"Lakini ni hina, hata bibi zetu walipaka." Bibi zako walipaka hina. Hina ni majani yaliyokaushwa yakasagwa. Huanza na rangi ya chungwa, kisha ndani ya siku moja au mbili hukolea kuwa hudhurungi. Ilaze usiku kucha ukitaka, nyeusi tii haitakuwa. Huo weusi wa piko unaotokea ndani ya nusu saa, ufukweni Nungwi au Diani au mikononi mwa bi harusi, umetoka kwenye rangi ya nywele. Kemikali yake inaitwa parafenilinidiamini, PPD kwa herufi za kwenye boksi. Lisome basi hilo boksi! Limesema nywele. Umoja wa Ulaya unairuhusu PPD kichwani isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kuichora kwenye ngozi hauruhusu kabisa. Watafiti waliopima hina nyeusi, yaani piko, katika Falme za Kiarabu na kuchapisha matokeo mwaka 2010 walikuta nyingine zina PPD hadi asilimia 29.5. Mchoraji wa ufukweni hana mizani. Anakadiria kwa jicho.

Kwa wengi mara ya kwanza hakuna kinachotokea, na hapo ndipo watu wanaponiambia "nimeshajaribu, niko salama". Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuanza kuichukia kemikali hiyo. Ukiipaka tena, ndani ya siku chache ua ulilochorwa linavimba, linawasha, linatoa malengelenge. Yakikauka, ngozi yetu nyeusi hubakiwa na mchoro wa doa jeupe au jeusi zaidi kwa miezi, na mwenye asili ya keloidi huota kovu lenye umbo la ua alilolichagua. Doa laweza kufifia. Mzio haufifii. Siku utakapotaka kuficha mvi kwa rangi ya nywele, uso utavimba hadi macho yafumbe, na hata baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na rangi za nguo zinaweza kuuamsha. Na tafadhali, msipake limau juu ya malengelenge kisha mkatoka juani. Limau na jua huunguza ngozi, nami nitatibu vidonda viwili badala ya kimoja.

Unataka kuona mchoro utakavyokaa? Chora kwa wanja. Au mwombe mchoraji wa tatuu akubandikie ule mchoro wa karatasi anaoutumia kama mwongozo kabla ya sindano, utembee nao siku nzima. Hina ya kweli pia yafaa, isipokuwa kwa mtoto mchanga au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu.

Mengine ni haya. Kama sikio ulilotoboa liliota keloidi, acha tatuu. Kwenye ngozi nyeusi chagua mistari minene ya wino mweusi. Njano na nyeupe hazionekani vizuri, na wino mwekundu ndio unaoongoza kwa mzio. Sindano ifunguliwe pakiti mbele yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, glavu zibadilishwe; mchoraji akinung'unika, ondoka. Unafikiria upolisi? Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiye na alama za kuchorwa mwilini, na kufuta kwa leza ni vikao vingi vya gharama, vyenye hatari ya kuacha mabaka meupe. Usiogelee mpaka ngozi ipone, wiki mbili hadi nne. Na kabla ya yote, chanjo ya homa ya ini B: kwa kawaida dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo anza sasa, uchore ukishamaliza.