Kiingereza cha Misitu ya Tshopo

Tangu tarehe 1 Januari 2012, mtaalamu wa mimea anayegundua mti mpya ana lugha mbili tu za kuutambulisha rasmi: Kilatini au Kiingereza. Ndivyo ilivyoagiza kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea iliyopitishwa Melbourne mwaka 2011. Makala yenyewe yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, lakini ile aya fupi inayoutofautisha mti huo na jamaa zake haipokelewi kwa Kifaransa. Kabla ya hapo, tangu 1935, Kilatini kilitawala peke yake, na angalau Kilatini kilikuwa kigeni kwa wote.

Kisangani, mji mkuu wa mkoa wa Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hili lina uzito wake. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichozaliwa mwaka 1963 kwa jina la Université libre du Congo, hufundisha kwa Kifaransa. Ukifuata mto Kongo kwenda chini kwa kiasi cha kilomita 100 unafika Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichoanzishwa enzi za Wabelgiji, ambako nako kumbukumbu za zamani ni za Kifaransa. Mwanafunzi wa hapa husema Lingala na Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Kiingereza huja cha nne, mara nyingi pale anapotaka kupeleka makala kwenye jarida la kimataifa.

Gharama ya Kiingereza kuchelewa hivyo imepimwa. Mwaka 2023 Tatsuya Amano na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS Biology matokeo ya kuwahoji wanasayansi wa mazingira 908 wa nchi nane. Wasiozaliwa na Kiingereza walitumia muda zaidi kwa hadi asilimia 51 kuandika makala. Kukataliwa kwa sababu ya lugha kuliwapata karibu mara 2.5 zaidi ya wenzao, na kuambiwa warekebishe Kiingereza mara 12.5 zaidi. Katika nchi hizo nane hamkuwamo hata moja ya Afrika inayosoma kwa Kifaransa.

Hapo juu imeandikwa 12.5, Kisangani wangeandika 12,5. Alama hiyo ndogo ni mtego. Uzito wa kilo 1,250, yaani moja na robo, ukifika kwa mhariri wa London unasomeka elfu moja mia mbili hamsini. Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa, kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza atapita bila kushtuka.

Vitenzi ni hatari zaidi. Kifaransa kina namna ya kitenzi inayobeba habari ambayo mwandishi hajaithibitisha: msitu *aurait perdu* miti yake, yaani inasemekana umeipoteza. Ikifasiriwa neno kwa neno, Kiingereza kinasema msitu ungalipoteza miti hiyo kama jambo fulani lingetokea. Sentensi ni safi kabisa. Ila sasa inadai kwamba miti ipo.

Ndiyo maana programu za kusahihisha, pamoja na ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, ni msaada wa nusu. Zinapanga viambishi na nukta vizuri kuliko watu wengi, na kwa mtafiti asiye na fedha za mhariri wa kulipwa hilo si dogo. Lakini hazikuwa msituni, na hazijui mwandishi alihesabu mwenyewe au alisimuliwa. Nazo programu zinazodai kunusa maandishi ya mashine zimeonea wageni: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu, na kwa wastani asilimia 61 zikadhaniwa kazi ya mashine.

Msaada wa kutegemewa zaidi hutoka kwa mtu anayeijua fani. AuthorAID, mpango ulioanza mwaka 2007 chini ya shirika la INASP la Uingereza, humkutanisha bure mtafiti wa nchi kama Kongo na mwenzake mzoefu. Mtafiti wa Kisangani akimtumia mwenzake huyo rasimu, afadhali aambatishe na aya za Kifaransa na majedwali ya vipimo, ili maswali yanayorudi yawe juu ya miti, si juu ya viambishi tu.